Kutembelea Tanga kwa Kufuata Maji: Mwongozo wa Siku Nne

Wageni wangu wengi hufika Tanga Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili asubuhi, wakiwa wameona pango moja na kula samaki mara mbili. Msemo wa "waja leo, waondoka leo" umeuganda mji huu mpaka mtu wa mbali anaona ndiyo kanuni ya safari yenyewe. Mimi nakuomba uje siku nne. Na nakuomba uzipange hizo siku kwa kutazama maji kabla ya kitu kingine chochote, maana hapa bahari ndiyo inayoamua lini kisiwa kinafikika, lini ngazi za kuogea zina maji chini yake, na lini fungu la mchanga lipo au limezama.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Hilo kila mtu analijua. Ambalo mgeni wa bara halijui ni kwamba saa za kujaa husogea mbele kila siku, dakika hamsini hivi, na kwamba nguvu ya maji hubadilika kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti ya juu na chini huweza kupita mita tatu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, ambayo yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Hesabu ya kukariri ni fupi. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ongeza dakika hamsini kwa kila siku inayofuata. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na saa kumi alasiri ufuko wote ni tope na mawe.

Sasa fikiria mtu aliyesafiri siku nzima akija kuogelea jioni, kisha anafika siku za maji mafu. Anasimama ufukweni saa kumi na moja, bahari iko mbali, mbele yake kuna majani ya baharini na kaa wadogo wanaokimbilia mashimoni. Anarudi nyumbani akisema Tanga haina bahari ya kuogelea. Nimeyasikia hayo zaidi ya mara moja na yananiuma, kwa sababu angekuja siku chache kabla angekuta maji safi yakigonga ngazi.

Ushauri wangu: chagua tarehe 14 hadi 17 ya mwezi mwandamo. Asubuhi bahari inapwa, unakwenda kwenye mafungu ya mchanga. Jioni imejaa, unaogelea. Usiku una mbalamwezi ya kutembelea mjini. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakutosha, na yapo majedwali ya maji kwenye simu kwa anayetaka dakika kamili.

Upepo nao uutazame. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na maji meupe, ila joto ni kali. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, hali ya hewa ni ya kupendeza nchi kavu, lakini mchana bahari huchafuka na boti hurusha maji. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, ni msimu wa kuepuka kwa safari hii: njia za milimani huteleza na mito hujaa.

Hatua ya pili: kufika na kulala

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Mabasi huanzia stendi ya Magufuli, Mbezi, yanapita Chalinze, yanapinda kulia Segera na kushuka Muheza. Hesabu saa tano hadi sita. Panda basi la alfajiri ili ufike mapema alasiri, na ukae upande wa dirisha, kwa sababu ukishapita Segera utaona mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Mkonge huo una historia ya kushangaza. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu, katika shamba la Kikogwe karibu na Pangani. Tanganyika yote ya mkonge ilianzia hapo.

Utashuka stendi ya Kange, nje ya mji. Kubaliana na dereva wa bajaji bei kabla hujapakia begi. Kwa kulala una njia mbili: gesti za katikati ya mji na Ngamiani, ambazo ni rahisi na ziko karibu na chakula, au nyumba za wageni za upande wa Raskazone, ambazo ni ghali kidogo na ziko karibu na maji. Mwenye kutaka kufuata mpango huu alale Raskazone usiku wa kwanza na wa pili.

Mavazi: mji una Waislamu wengi na watu wake wanajistahi. Kaptura na vazi la kuogelea ni vya ufukweni. Ukipanda kurudi mjini jifunge kanga au kikoi. Salimia kwanza, ndipo uulize njia. Mtu mzima ni shikamoo, hata kama ana haraka, na utaona sura inavyofunguka. Ukija mwezi wa Ramadhani jua kwamba mchana hoteli nyingi za mtaani zimefunga, lakini jioni meza za futari ni neema.

Hatua ya tatu: alasiri ya kwanza, Raskazone

Weka begi, usilale. Kama umefuata hesabu ya mwezi, maji yanajaa sasa hivi.

Raskazone ni rasi iliyoingia baharini mashariki ya mji, yenye miti mikubwa, nyumba za zamani na klabu za kuogelea zenye ngazi za kushukia majini. Unalipa kiingilio kidogo, unapata kivuli, mahali pa kubadilishia nguo na kitu cha kunywa. Kabla ya kuingia majini, tazama kingo za ngazi. Utaona mstari: juu yake saruji ni kavu na nyeupe, chini yake imeshikwa na chaza na majani ya kijani. Mstari huo ndio kimo cha bamvua. Maji yakiwa yamebakiza ngazi mbili tatu kuufikia, ingia. Yakianza kuuacha, bado una saa moja na nusu ya kuogelea vizuri. Vaa viatu vya plastiki, kwa sababu chaza wanakata kama wembe na miiba ya baharini ipo kwenye mawe.

Ufuko huu umeona makubwa. Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na miezi mitatu, Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakashuka hapa Raskazone ili kuuteka mji. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Vita vilidumu tarehe 2 hadi 5, na waliokuja kwa meli ndio waliorudi melini, wakiacha silaha nyingi nyuma. Katikati ya mapigano nyuki walitoka mizingani kwa makundi wakawashambulia wanajeshi, na mpaka leo wapo wanaoviita vita vya nyuki. Mimi nikiketi pale huwafikiria zaidi wale wapagazi na askari wa kwetu na vijana wa Kihindi, waliokufa kwenye ugomvi wa wafalme ambao hawakuwahi kuwaona.

Hatua ya nne: siku ya pili, bahari asubuhi na mji jioni

Boti ipangwe tangu jana yake. Uliza hotelini kwako au kwa wavuvi wa Sahare, na ukutane na nahodha ana kwa ana. Mambo ya kumuuliza ni haya: ana majaketi ya kujiokolea mangapi, mashine yake ina akiba ya mafuta kiasi gani, na maji yanapwa saa ngapi. Nahodha anayejibu swali la tatu bila kufikiri ndiye wako. Eneo kubwa la bahari hii, kuanzia hapa kushuka upande wa Pangani, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo kuna ada ya hifadhi. Ilipe kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Usimpe mtu fedha mkononi.

Silikanti ni samaki anayestahili aya yake. Wataalamu walidhani ametoweka zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga wavuvi wamempata mara nyingi kwenye nyavu zilizotegwa kina kirefu, jambo ambalo ndilo lililozaa hifadhi yenyewe. Hutamwona, anaishi chini sana kwenye giza. Lakini kujua kwamba yuko chini ya boti yako, na mapezi yake yaliyonenepa kama vikono, kunabadilisha namna unavyoyatazama maji.

Ondoka saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Elekea visiwa vya Yambe na Karange na mafungu yaliyo jirani. Fungu hujitokeza polepole: kwanza rangi ya maji inapauka, halafu ndege wanasimama mahali ambapo uliona bahari tupu, halafu mchanga wenyewe unainua mgongo. Utakuwa na saa mbili hivi za kutembea, kuogelea na kutazama matumbawe kwa miwani. Usikanyage matumbawe, tawi la ukubwa wa kidole limechukua miaka kukua. Maji yakianza kurudi, ondokeni bila ubishi.

Kisiwa cha Toten ni hesabu nyingine kabisa. Hiki kimo ndani ya ghuba, mbele ya bandari, na kimezungukwa na mikoko na tope. Jina lake ni la Kijerumani, maana yake ni wafu, kwa ajili ya makaburi waliyoyakuta. Kuna magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya watu walioishi pale kabla ya kuhamia bara. Fungu linataka maji yakipwa, Toten inataka maji yakijaa. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka binamu zangu kutoka Morogoro, tukakaa kisiwani tukipiga picha na kula mihogo, nikajua kabisa maji yanatoka lakini nikaona bado kidogo. Tulipofika kwenye boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope jeusi. Tulingoja saa nne na nusu chini ya mikoko, mbu wakitutafuna, mtoto mmoja akilia kiu. Tangu siku hiyo naingia Toten maji yakiwa bado yanapanda, na natoka kabla hayajageuka. Kwa siku za bamvua hiyo ni kati ya saa nane na saa kumi alasiri, basi unaweza kushuka huko ukirejea kutoka visiwani na kula chakula cha mchana.

Jioni ni ya mji. Anzia Bustani ya Jamhuri, kwenye mnara wa saa wa enzi ya Wajerumani, ambapo ghuba yote iko chini yako na Toten inaonekana kama kichaka kinachoelea. Jirani ni boma la zamani, ambamo kuna makumbusho ya Urithi yenye picha za Tanga ya zamani. Fika kabla hawajafunga, na tumia muda kwenye picha za bandari. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba na mizigo ikashushwa kwa matishari. Hivi karibuni tu ndipo bandari ilipochimbwa kina na meli zikaanza kufunga gatini. Ukitoka hapo tembea mpaka stesheni ya reli. Kazi ya kujenga njia ya kwanza ya reli ya Tanganyika ilianzia hapa mwaka 1893, ikapanda Muheza, Korogwe, Mombo, mpaka Moshi.

Halafu nenda Ngamiani. Mitaa yake huitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, kwa hiyo mgeni hapotei. Mji ni tambarare na wenyeji ni watu wa baiskeli. Ukiweza kuazima moja, azima. Kula unapotembea: mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, viazi karai, bajia, mishikaki, supu ya pweza kwenye vikombe. Kaa barazani upate kahawa na kashata. Watu watakuuliza umetoka wapi na umekuja kwa nani, na ukiwajibu vizuri utajifunza katika nusu saa mengi kuliko nitakayokuandikia hapa. Kiswahili utakachokisikia kimechanganyika na Kidigo, Kisegeju na Kibondei, na kina ulaini wake.

Hatua ya tano: asubuhi ya tatu, Tongoni

Panda kosta za Pangani, au kodi bajaji ya kwenda na kurudi. Njia inapita Machui, upande alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Tongoni ni kama kilomita 17 kusini ya mji. Mwambie kondakta mapema, maana magofu hayako barabarani. Unashuka kijijini na kutembea kidogo kuelekea pwani. Mtafute mlinzi wa mambo ya kale, ulipe, akuandamanishe.

Mji huu zamani uliitwa Mtang'ata. Ulistawi karne ya 14 na ya 15, wenyeji wake wakifanya biashara na watu wa ng'ambo ya bahari. Kilichobaki ni msikiti usio na paa na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo, kundi kubwa kama hili la makaburi ya nguzo ni adimu pwani yote ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingine zimeanguka na zimelala kwenye majani, nyingine zimeinama.

Sogea karibu na nguzo iliyosimama, utazame sehemu ya juu. Utaona shimo la mviringo, limechongwa vizuri kwenye chokaa, kina chake kama bakuli. Na lilikuwa la bakuli kweli. Mafundi walipachika humo vyombo vya kauri kutoka China, vya rangi ya kijani ya majani machanga, ili kaburi la mtu mkubwa ling'ae likipigwa na jua. Vimebanduliwa na kuchukuliwa karibu vyote. Mimi huweka kiganja ndani ya shimo lililo kwenye nguzo iliyoanguka, na nahisi ukingo wa chokaa ulivyoshika umbo la chombo ambacho hakipo. Mlinzi akikuruhusu, fanya hivyo taratibu, na usipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Ni makaburi ya wazee wa watu, na wapo wanaokuja kuomba dua.

Kisha pita nyuma uione bahari, hatua chache baada ya mikoko. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita hapa, na mojawapo, São Rafael, ikapanda fungu kabla ya mapambazuko. Maji yalipopwa ikabaki kavu mchangani. Watu wa pwani hii wakawaendea wageni hao na mitumbwi, mmoja ukiwa umejaa machungwa, na Wareno waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa tena merikebu ikaelea, wakaendelea kaskazini. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wao wengi wakiwa wamekufa, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote. Wakaipakua São Rafael na kuichoma moto mbele ya pwani hii hii.

Ukisimama pale saa nne ya bamvua, mafungu yakiwa nje na maji yametoka, huhitaji kuelezwa ilikuwaje.

Hatua ya sita: alasiri ya tatu, Amboni

Rudi mjini ule, upumzike, na uende Mapango ya Amboni kiasi cha saa tisa. Yako kilomita 8 kaskazini, upande wa barabara ya Horohoro. Daladala inakushusha njia panda, kilichobaki unatembea au unapanda bodaboda. Chukua viatu vyenye kushika, maji ya kunywa na tochi yako mwenyewe, hata kama mwongozaji ana ya kwake. Nguo nyeupe iache hotelini.

Mawe haya ni chokaa iliyotandazwa chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita. Bahari ilipoondoka, maji ya mvua na ya mito ndiyo yaliyoyatafuna kwa ndani, tone kwa tone. Ukiingia hewa inabadilika ghafla: nje jua kali, ndani ubaridi na harufu ya kinyesi cha popo, ambayo baada ya dakika kumi huisikii tena. Kuna mahali unapita wima kama ukumbini, na mahali unapiga magoti na kujikunja. Mwenye hofu ya sehemu finyu aseme mapema. Ipo njia ya kuona mengi bila kupita kwenye vitundu.

Mwongozaji atakumulikia maumbo ukutani na darini: meli, mamba, kochi, nyayo za tembo, sanamu ya Bikira Maria. Atakuambia habari za Wazungu wawili walioingia na mbwa wakapotea, mbwa akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro. Sikiliza kama hadithi inavyosikilizwa. Atakuonyesha pia alipojificha Osale Otango, aliyeisumbua serikali ya mkoloni miaka ya 1950, ambaye wazee wengine wanamtaja kama jambazi na wengine kama mtetezi wa wanyonge. Na atakufikisha mzimuni, ambako watu wameacha vitambaa, marashi na vyakula kwa ajili ya nadhiri zao. Hapo punguza sauti. Usiguse kitu wala usimmulike mtu usoni ukimkuta anaomba.

Kuna kitu kidogo nataka ukitazame. Mwombe mwongozaji mzime tochi zote kwa dakika moja, mkae kimya. Giza lile ni zito, unainua mkono mbele ya macho na hauoni. Halafu utasikia tone likidondoka mahali fulani, kimya, na jingine. Ndiyo kazi iliyolichimba pango zima, na bado inaendelea.

Mkitoka msiondoke haraka. Bakini mlangoni mpaka magharibi, popo watatoka kwa maelfu. Chini kidogo Mto Mkulumuzi unapita kwenda ghuba ya Tanga. Siyo mbali na hapo ziko pia chemchemi za Galanos, maji ya moto yenye harufu ya kiberiti ambayo watu huyaendea kwa maradhi ya ngozi. Wenye nafasi wapitie, lakini mimi kwa siku hii naona pango linatosha.

Hatua ya saba: Amani, yanakotoka maji

Siku ya nne beba begi lako lote, hurudi tena mjini. Nenda Muheza, kama kilomita 35, kwa kosta. Kutoka hapo njia ya Amani ni ya vumbi na milima. Mabasi yake ni machache, kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, kwa hiyo utalala huko. Ukitaka kufika mapema kodi bodaboda yenye dereva mzoefu, na kama mvua imenyesha usiku, subiri basi. Pale Zigi kuna lango la hifadhi, ulipe na upange mwongozaji.

Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia kwenye Usambara Mashariki, imetangazwa hivyo mwaka 1997. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia, mingine leo imekuwa mirefu kuliko majengo ya mjini. Lakini msitu wa asili ndio wa kuufuata. Mwulize mwongozaji akuonyeshe ua la Usambara, dogo, la zambarau, lenye majani ya manyoya, linaloota kwenye miamba yenye unyevu kivulini. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, wengi wakilimwagilia bila kujua kwao ni wapi. Usiling'oe. Usiku tembea tena na tochi kando ya njia, vinyonga hulala kwenye ncha za matawi wakiwa wamepauka na ni rahisi kuwaona. Chukua sweta na koti la mvua. Ruba wapo msimu wa mvua. Chumvi kidogo mfukoni inasaidia.

Ukishuka alfajiri, utakuwa na Mto Zigi kando yako. Maji yake yanateremka kutoka msitu huu, yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya mji wa Tanga. Yale uliyooga Raskazone kutoa chumvi mwilini yalitoka hapa juu. Yanayobaki yanaingia ghubani, kwenye bahari ile ile uliyoihesabia saa. Wenyeji wa milimani wanaulinda msitu huo kwa jasho lao, na mwongozaji wa kijijini unayemlipa ni sehemu ya ulinzi.

Muheza unangoja basi la Dar au la Moshi barabarani. Wakati unangoja, akina mama na vijana watakujia na machungwa, yamepangwa kwenye ndoo na nyavu, ngozi zake za kijani hata yakiwa yameiva. Chagua yaliyo mazito mkononi. Mwombe akumenyee moja kwa kisu, mzunguko mmoja bila kukata ganda, akukatie juu, ulifyonze pale pale kabla basi halijafika, na la nyumbani funga wavu mzima.